Daftari la Mpishi, Unalaska

Tuling'oa nanga Unalaska saa kumi na moja alfajiri,
abiria kumi na wawili, mabaharia wanne, mwongozaji mmoja,
na mimi, niliyeajiriwa kwa sababu mpishi wa kwanza
alivunjika mguu kwenye ngazi za kiwanda cha samaki.
Kiwandani nilikuwa nakata vichwa vya chewa.
Melini nakata vitunguu, na vitunguu vinanikimbia:
meza inalala upande huu, inajuta, inalala upande ule.

Sitahani wamejipanga, darubini shingoni,
kila mmoja na orodha yake, na kalamu iliyofungwa kamba.
Bwana Halvorsen wa Minnesota amebakiza ndege watatu
atimize mia saba. Analala na viatu.

Kisiwa hakitokei chote kwa mpigo.
Kwanza harufu, kiberiti na mavi ya ndege,
kisha weusi, kisha moshi mwembamba kileleni
kama wa mtu anayevuta sigara akimficha mkewe.

Kisha ndege. Jamani, ndege!
Jabali zima linapumua kwa mbawa.
Na yule mfupi, mdomo wa rangi ya karoti,
nyusi za manjano zimechanwa hadi kisogoni,
akiruka utadhani katupwa na mtu mwenye hasira,
nimwite nani?
Nikaandika, chini ya vipimo vya hamira:
Bwana Harusi Aliyechelewa.
Shangazi Mwanakheri, simu iliposhika mtandao,
aliuliza neno moja tu: "Analiwa?"
Nikasema, mimi nikimla nafungwa.
"Sasa wanakwenda kumtazama? Kwa hela zote hizo?"

Asubuhi ya tatu mwani ulijaa vichwa.
Wamelala chali, mikono kifuani, kama wazee baada ya pilau,
mama mmoja kampakata mwanawe juu ya tumbo.
Kwenu anaitwaje huyu? Nikasema, fisi-maji.
Wakataka maana, nikawapa, sitaha nzima ikacheka.
Nikaona haya kwa niaba ya lugha yangu:
aliyempa jina hilo alimwona usiku, tena akikimbia.

Matrona hakucheka.
Yeye ndiye mwongozaji, Muunangan wa visiwa hivi,
humjua ndege kwa kivuli chake majini.
Alikuwa anatazama nyasi.
Ghuba ile haikuwa na ndege yeyote wa orodha.
Mteremko wote kijani kilichopauka,
ila viraka kumi, labda kumi na viwili,
kijani kizito, nyasi za kufika kiunoni.
"Nyumba," alisema. "Nyasi hunenepa
palipopikwa, palipoliwa, palipotupwa mifupa ya samaki.
Mama yangu alichukuliwa hapa wakati wa vita,
ana miaka sita. Sanduku moja.
Vita vikaisha, meli ikawarudisha,
ila si hapa."

Bwana Halvorsen akauliza
kama kuna ndege ndani ya nyasi zile.
"Pengine," alijibu.

Nikarudi jikoni kwenye daftari langu.
Siku tatu nimelijaza viumbe
ambao lugha yangu haikuwahi kukutana nao,
nimeazima, nimebuni, nimetania.
Hapa sikuazima.
Neno lilikuwepo, tangu utotoni, nyuma ya mashamba ya mkonge,
mahali palipobaki kisima na mbilimbi mmoja
na tukakatazwa kupachezea:
mahame.

Nilimtamkia. Akalirudia mara mbili
akilionja kama mchuzi wa mtu mwingine,
akaomba mkate wa moto.
Akashuka na boti ya mpira, peke yake,
akakaa ndani ya kiraka kimoja, tukaona kofia tu.
Akala wote. Hakumega wa kumwachia mtu.
Kisha akasimama, akakung'uta chembe za mapajani
palepale.

Jioni zilisomwa orodha: aina arobaini na moja.
Halvorsen amebakiza wawili.
Mie niliunguza vitunguu.