Magaga

Anzio, Septemba. Miavuli imekunjwa,
watalii tumebaki wa kuhesabu kwa vidole,
na Ersilia, mwenye viti vya kukodisha,
ametandaza taulo zilizolowa
juu ya ukuta wa kasri la kaisari.

"Zinakauka upesi," ananiambia,
"matofali haya yanatunza jua."

Mimi nimekuja na kitabu cha mwongozo.
Nimetafuta lango, ukumbi, bustani;
nimekuta mapango yanayopiga miayo
na bahari ikiingia humo bila hodi,
ikitoka na chokaa mdomoni.

Mjukuu wake, Duilio, anakuja mbio
na kigae chekundu, laini kama sabuni.
Kibao pale ngazini kinakataza: usiokote.
Bibi anakipokea, anakipima kiganjani,
anaketi, anavua kandambili,
anaanza kusugua magaga.

Polepole. Kisigino cha kushoto, kisha cha kulia.
Unga mwekundu unadondoka mchangani.

Nami niliyevuka nchi tatu kuja kustaajabu
nafunga kitabu,
navua viatu,
naona haya kidogo,
kisha naomba zamu.