Sahani Iliyorudi

Jumatatu ni samaki na viazi, siagi iliyoyeyuka juu.
Nimepika hivyo miaka kumi na tisa
katika shule hii ya Akureyri, ambako Desemba
jua halivuki mlima; hupita nyuma yake
kama mgeni aliyeona taa imezimwa, akaghairi kubisha.

Mpishi hasomi madaftari ya watoto. Husoma sahani.
Najua nani kagombana na babake,
nani anajinyima ili suruali imkae.
Sahani ya Eyvindur ilianza kurudi na nusu,
kisha robo tatu,
kisha samaki mzima, hata uma haujamgusa,
na kijana anasema asante, anatabasamu,
tabasamu lile la kufungia mlango.

Walimu walisema: balehe. Uvivu. Simu.
Gitaa kampa binamu yake,
lile alilolinunua kwa viangazi viwili
vya kukata nyasi za manispaa.
Ndani ya joto la ukumbi havui sweta,
mikono yake kaivuta hadi vidoleni.
Mamake, Steinvör, anaendesha gari la kuzoa theluji usiku;
akirudi, mwanawe kalala; akitoka, mwanawe kalala.
"Huyu kapenda usingizi," aliniambia dukani,
nami nikawaza kitanda na kunguni wake,
na asiyekilalia.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua.
Wahenga wanisamehe. Huyu hakuficha.
Alirudisha sahani kila siku saa sita na nusu,
mbele ya macho yangu, mvuke bado unatoka.

Nilikuwa na kaka, Kolbeinn.
Yeye miaka kumi na saba, mimi kumi na miwili.
Nyumbani tuliambiwa: msimuulize, mtampa wazo,
kana kwamba wazo ni mbegu na swali ni mvua.
Hatukuuliza. Tulinyamaza kwa upendo,
tulinyamaza vizuri sana.
Mama bado anavipaka mafuta viatu vyake vya barafu.

Basi Alhamisi nilivua aproni,
nikaketi mkabala naye, mikono inanuka kitunguu,
nikauliza kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi:
"Eyvindur, unafikiria kujiua?"

Friji ilinguruma. Nje, mtu alikwangua kioo cha gari.
Sikuongeza neno.
Sikusema una kila kitu, sikusema wenzako wana njaa,
sikusema jipe moyo, kana kwamba moyo unauzwa dukani.

Akasema, "Wakati mwingine."
Halafu, baada ya muda mrefu:
"Si kwamba nataka kufa. Nimechoka kubeba."
Akaniomba nisimwambie mtu.
Siri hiyo niliikataa.
"Unikasirikie, sawa. Ila leo hutembei peke yako."

Tulikwenda kwa Hugrún, muuguzi, mlango wa kijani.
Steinvör alikuja na theluji kwenye buti.
Hakupiga kelele. Aliketi sakafuni
miguuni pa mwanawe, akamfungua kamba za viatu
kama alivyofanya zamani.
Usiku ule walipekua nyumba kabati kwa kabati;
chochote cha kumdhuru kikahamia kwa jirani.

Hakupona siku ile. Nisidanganye.
Januari alilala hospitali. Februari dawa zilimpa kiu.
Machi alinitukana mbele ya darasa zima,
nikafurahi: hasira ni ishara kuna mtu nyumbani.

Mjini kwetu taa nyekundu za barabarani zina umbo la moyo.
Watalii huzipiga picha; mimi nilikuwa nimezizoea.
Sasa nikisimamishwa njia panda, gari likitetema,
nazisikia: moyo, simama. Subiri.
Hata nyekundu ina dakika zake.

Jumatatu iliyopita sahani ilirudi.
Viazi havipo. Samaki kaumwa pembeni, mara moja.
"Umezidisha chumvi," akasema, bila kutabasamu.

Nimepunguza chumvi.