Kiungo cha Akiba

Aliposhuka kutoka Kitulo alikuwa anasukuma.
Pikipiki kubwa, nyeusi, tangi linang'aa kama sufuria ya harusi,
na mhandisi Anyosisye Mwakalobo, mstaafu wa migodi ya Kitwe,
anahema ukungu.
Hakuna aliyesikia kitu kikikatika.
Hata kufa, mkanda ulikufa kimya.

Asubuhi alipita hapa Isyonje akasimama makusudi,
akaelekeza kidole kwenye kopo langu la oili chafu:
"Bado mnapaka tu? Mimi tangu niinunue, hata tone.
Huu ni mpira na nyuzi, fundi. Haulii, hauchafui suruali,
huukazi kila Jumapili kama gitaa la kwaya."

Na kweli, alipoondoka
nilisikia kijito nyuma ya banda.
Miaka tisa nipo hapa na spana,
sikujua kwamba kina sauti.

Lakini barabara ya Kitulo haina habari na nyuzi.
Kokoto ya kule ni nyeusi, ina matundu, ina makali ya chupa.
Punje moja iliruka ikaketi kati ya mkanda na meno yake,
kama changarawe kwenye wali wa mgeni.
Cheni ingeitafuna, ingeitema, ingeendelea kulalamika.
Mkanda haujui kutema.
Ulikatika uzi wa kwanza, ukanyamaza.
Wa pili, ukanyamaza.
Ulifika Kikondo umebakiwa na heshima tu.

"Niungie," akasema.
Nikamtazama. Naunga nini?
Cheni ni watu mia na kumi walioshikana mikono:
akianguka mmoja namtoa, naweka mwingine, twende.
Ninavyo viungo vinne kwenye mkebe wa peremende,
vimelala ndani ya grisi vikisubiri siku yao.
Mkanda ni mtu mmoja.

Usidhani naisifia cheni bure.
Utazame huu mkono wa kushoto. Hesabu.
Kidole cha pete nilikiacha kwenye spoketi
mwaka wa mvua nyingi, napaka oili huku gurudumu linazunguka,
haraka za ujana, abiria ana mama mgonjwa Igogwe.
Pete naivaa kulia.
Cheni hulishwa. Usipoilisha inakula spoketi,
ikimaliza spoketi inakutazama wewe.
Masika tope letu linaigeuza msasa,
inalegea, inaning'inia, inachapa chuma,
na watoto wangu wanajua narudi kabla mbwa hajabweka.

Mkanda mwingine uko Lusaka. Labda Johanesbagi.
Alipiga simu nne juu ya jiwe, mkono mmoja sikioni
mwingine umekamata kofia isipeperuke.
Wiki sita, wakamwambia, na bei
ya cheni kumi na nane, juu yake mbuzi.

Tukalifunika lile dude kwa turubai la viazi.
Nikampakia kwenye yangu kwenda Kiwira,
mhandisi mzima amekumbatia begi,
goti limeshapata weusi kabla ya kona ya kwanza.
Krr-krr, krr-krr, kama bibi anayesaga ulezi
na hataki kuulizwa kitu.
Hatukuweza kuongea.
Kwenye mteremko mrefu nikazima injini kuokoa mafuta;
cheni ikaendelea peke yake, krr-krr,
ndipo nikamsikia mgongoni, hasemi na mimi:
"Walau hii inasema inapoumwa."

Mkewe tulimzika Februari.
Mama Tumpe. Hakuwa mtu wa kelele.

Sikumjibu. Nikajifanya nasikiliza breki.

Jioni nilirudi bandani, nikazima,
nikakaa juu ya tairi nikingoja kile kijito.
Masikio yalichukua muda kurudi.