Wasifu: Nakala ya Kwanza

Wamenipa karatasi yenye tarehe nane.
Kuzaliwa Kegoye, kubatizwa.
Shule, shahada, ndoa, shahada tena,
uprofesa. Kustaafu. Kufa, Jumanne.
"Piga chapa, Akeyo," kasema mwanawe,
"ukurasa mmoja tu, nyuma itakaa picha."

Nimempigia chapa Hezekia Agufana miaka thelathini na mmoja,
tangu taipureta ile yenye R iliyopinda
hadi kompyuta inayozimika umeme ukikohoa hapa Maseno.
Nalijua neno lake kuliko yeyote atakayesimama kaburini.
Si "ukweli", wanavyodhani.
"Hata hivyo."
Kila ukurasa, hata hivyo tatu au nne,
nami namwomba Mungu mtu huyu afike anakokwenda.

Niandike wapi kwamba kila Septemba
aliwatoa wanafunzi wapya hadi barabarani,
pale ikweta inapokata lami,
akawaambia: nionyesheni mstari.
Wakamwonyesha kibao.
Nimesema mstari, sikusema kibao.
Mvulana mmoja akapiga magoti, akapapasa lami,
hadi dereva wa lori la miwa akamtukania mama.
"Huyu atafaulu," Profesa aliniambia akikung'uta viatu.
Alifeli. Siku hizi anauza vipuri Luanda,
na kila Krismasi alimletea mwalimu wake jogoo.

Karatasi inasema alirejea kutoka Ubelgiji mwaka sabini na tisa.
Haisemi sanduku la bati,
tasnifu ndani, jalada jekundu,
na mchwa waliokuja na masika
wakaanzia nyuma:
wakala marejeo, wakala hitimisho,
wakashibia sura ya nne.
Kageha mkewe alilia. Yeye alicheka hadi akapaliwa.
"Wamenisaidia. Hitimisho lile sikuliamini."

Haisemi miezi ya mgomo, mshahara umekuwa hekaya,
Profesa kainama sokoni na gunia la mahindi yake
akimuuliza mnunuzi: mama,
gorogoro hujaa wakati gani?
Likisawazishwa, au likimwagika?
Mama akamjibu: likimwagika ni langu,
likisawazishwa ni lako, na leo mimi ndiye mwenye pesa.
Jibu hilo nililipiga chapa mwenyewe,
sura ya saba, tanbihi ya kumi na mbili,
na jina la mama yule kwa ukamilifu, Respa Khasandi,
kana kwamba naye ana kiti chuo fulani Ulaya.

Kitabu hakikutoka.
Wachapishaji walisema hakina soko,
kisha chuo kikasema hana kitabu.
Uprofesa ulimfikia ana miaka sitini na miwili,
barua imekosea jina: Agufani.
Nikataka kuandika ya kulalamika, akanizuia.
"Mwache Agufani naye afurahi."

Muhula wa mwisho darasa lilibaki na watu watatu,
mmoja wao alikuwa amejikinga mvua.
Alifundisha saa mbili kamili.

Nilimuuliza mara moja tu,
wiki ile niliporudi kazini baada ya kumzika Odera wangu.
Profesa, wewe umesoma. Wanakwenda wapi?
Alivua miwani. Akaifuta. Akaifuta tena.
"Akeyo, sijui,"
na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno.
Tukakaa. Chai ikafanya utando.
Jenereta ya maktaba ikawaka, ikazima.

Mwanawe anapiga simu: umemaliza?
Ukurasa umejaa, tarehe nane zote zimo,
Jumanne imo.
Chini, kabla ya ratiba ya mazishi,
imebaki nafasi ya mstari mmoja.
Naandika: Hata hivyo,

na mkato nauacha palepale.
Natoa nakala mia tatu.