Slaidi ya Kwanza

Jana Kongowea nilimbana muuza mbatata
hadi akacheka, akanipunguzia kumi.
Leo, ukumbini Tudor, feni inakwaruza,
slaidi ya kwanza iko ukutani,
na mimi, Mwanasiti mdomo-wembe, kimya.

Neno la kwanza la Kiingereza laanza kwa dh.
Dh ninayo!
Dhahabu. Dhiki. Dhamana.
Nimeitamka tangu chuo kile cha juzuu na kikoto;
katika chuo hiki
imenata kaakaani kama kashata.

Dakta Mwakio atazama saa.
Safu ya nyuma, Kadzo achezesha midomo,
anitolea neno bila sauti,
kama amlishaye mtoto.

Nalipokea.
Sentensi yatoka imepinda,
kitenzi chadondoka sakafuni.
Hakuna aliyeinama kukiokota.

Nabonyeza: slaidi ya pili.