Vidole Vitatu

Kaka yangu Faki aliiacha baskeli
usukani umezamishwa hadi kikomo,
kwa ajili ya ule ujana wake
wa kukimbizana na gari za Konde.
Sasa yuko Maskati, kwenye gari la kiyoyozi,
nami mwaka mzima nimeuvaa mgongo wake,
pindo la buibui nimelibana kwa pini,
macho yanasoma lami ya Kinyasini
kokoto kwa kokoto.

Maumivu yalianzia ukosini,
yakateremka begani kama mgeni aliyeambiwa karibu
akaingia na mizigo yake yote.
Ikafika hadi naandika tarehe katikati ya ubao.
Watoto wa nyuma wakawa wanasimama ili waone.
Hakuna aliyeuliza.
Darasa la Tano wana adabu, au wana huruma, sijui.

Mama akanisugua mafuta ya karafuu.
Bi Chumu wa jirani akasema ni jicho,
mabega yangu yalisifiwa harusini.
Daktari wa Wete akanipa vidonge kumi, akasema pumzika;
nikavipeleka nyumbani kwa baskeli ileile.

Kwa Fundi Shaame, Limbani, nilikwenda kwa pancha tu.
Akanitazama nikishuka.
"Mwalimu, umeangusha sarafu?"
"Sarafu gani?"
"Basi watafuta nini huko chini?"

Akalegeza bolti kwa spana,
akaweka kitambaa juu yake, akagonga nyundo mara moja.
Kutu ikalia.
Akalibana gurudumu kwa magoti,
akaivuta shingo ya baskeli, shingo ya chuma,
ambayo mimi, mwenye shingo, sikujua kama inayo.
Kidole. Kidole. Kidole.
Akanionyesha mkwaruzo: "Hapa usipavuke.
Ukitamani kukaa wima kama bwana harusi
utabaki na usukani mkononi, mteremkoni, peke yako."
Pancha nililipia. Shingo, alikataa pesa.

Nilirudi polepole, viwiko vimelegea.
Kumbe nyumba ya kona imeezekwa mabati ya buluu.
Kumbe yule ninayemwitikia salamu kila asubuhi
huku nikizitazama kandambili zake
ana mwanya, na salamu zake zote
huzitoa akicheka.

Usiku bado hunijia, upande wa kushoto,
ila siku hizi hubisha hodi kwanza.

Faki akapiga simu: "Baskeli yangu hujaichezea?"
"Nimeipandisha vidole vitatu."
Kimya. Nikakisikia kiyoyozi.
"Haitakimbia tena hiyo."
"Nani anakimbia, Faki?"

Jumatatu niliingia darasani na chaki yangu.
Nikaandika tarehe juu kabisa, pale penye ufa,
nikageuka.
Wote wamekaa.