Mpira wa Juu, Kibaigwa

Upepo wa mwezi wa saba hapa hauna rafiki.
Unatoka Gairo umebeba pumba za mahindi,
unavuka lami, unaingia kiwanjani bila kiingilio,
na mpira ukiwa juu unaubadilishia mawazo.

Kwa hiyo nyamazeni kidogo, niseme.
Nehemia, toa mikono kiunoni.
Jumapili Mlali wametufunga matatu,
na yote matatu yalipita juu ya vichwa vyenu
kama ndege za kwenda Mwanza:
mlisimama, mkatazama, mkabaki na shingo.

Ni kazi kumfundisha mtu mwenye ndevu tatu.
Ana miaka kumi na saba, ana deni dukani,
ukimsahihisha mbele ya wenzake
anafunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka.

Mnadhani mpira mrefu unaanzia angani.
Unaanzia mguuni kwa mtu.
Mtazameni yule beki wao wa soksi moja:
akiinamisha kichwa, akapeleka mguu nyuma,
na hakuna wa kumsumbua,
hapo hapo rudini. Hatua tano.
Msingoje mlio wa kiatu.
Lakini akitupa mgongo, Chilewa amembana,
pandeni wote, mstari mmoja,
mwacheni mshambuliaji wao
akajieleze kwa mshika kibendera.

Na msirudi kinyumenyume
kama mtu aliyeona nyoka chooni.
Geuza ubavu. Jicho la mpira, jicho la mtu.

Ndahani akacheka: Mwalimu, macho ni mawili tu,
na jua je?
Kweli, jua lilikuwa limekaa juu ya mwamba wa goli,
limekunja nne.

Nikaishiwa maneno ya kozi.
Nikauliza: jana sokoni nani kashusha magunia?
Ikanyooka mikono saba.
Gunia la lumbesa likiachiwa toka juu ya lori,
unalipokeaje?
Wakanitazama kama nimeuliza majina ya mama zao.

Unaangalia mikono ya anayetupa, akasema Nehemia.
Unakunja magoti.
Unalifuata huko huko juu, ukilingoja litakuvunja.
Na nyuma yako?
Yupo mwenzio, likiponyoka.
Na mdomo?
Unasema "langu."

Basi huu semeni "wangu."

Nikapiga mipira arobaini mpaka nyonga ikalia.
Lameki, toka kwenye mstari wa goli,
hakuna anayekudai hapo.
Usiuache udunde! Ardhi hii
haipokei hata mvua, itaupokea mpira?
Ndahani aliruka na Nehemia, wote kimya,
wakagongana, mdomo ukapasuka.
Alitema vumbi jekundu, akasema taratibu,
kwa aibu, baada ya mpira kupita:
wangu.

Wiki iliyofuata tukawapokea Pandambili.
Walikuwa na kijana mrefu, mbio kama moto wa nyasi,
na alasiri nzima alikimbilia mipira
iliyokwisha kuwa na wenyewe.
Ya kwanza kichwa cha Ndahani,
ya pili, ile inayoanguka, Chilewa keshafika.
Wangu. Wangu. Acha, wangu.
Sauti zao zilikuwa nzito, za wapagazi.

Dakika ya themanini na kitu
beki wao akapata nafasi, peke yake, upepo mgongoni.
Akainama. Akapeleka mguu nyuma.
Nikamwona Nehemia anageuza ubavu,
moja, mbili, tatu, nne, tano,
na wenzake pamoja naye kama pazia moja.
Yule beki akainua kichwa.
Akaona hakuna pa kutupia.
Akageuka, akamrudishia kipa wake.

Basi. Mpira haukuja.
Hakuna aliyepiga kofi.
Mimi nilikaa chini kwenye ndoo ya maji,
miguu imeniisha nguvu.

Sifuri kwa sifuri.
Watu waliondoka mapema, wakikung'uta suruali,
na jamaa mmoja akawasha pikipiki yake,
akaniambia kwa huruma kabisa:
Mwalimu, leo hamna kilichotokea.